Tangazo la Vumbi

Redioni waliniambia: sekunde thelathini,
elfu sitini.
Nikahesabu kwa viatu, ndiyo hesabu ninayoijua:
jozi nane za katambuga
kwa sauti ya mtu asiyewahi kuvaa hata moja.
Nikashukuru, nikanywa maji yao ya bure,
nikarudi Chang'ombe kwa miguu.

Njiani niliinama kuokota msumari,
nikaona kumbe vumbi linaandikika.
Baiskeli imepita, imeacha mstari wake.
Kuku ameandika. Ng'ombe wa mnadani wameandika,
wakafuta, wakaandika juu yake.
Dodoma nzima ni ubao,
na sisi tumeukanyaga miaka yote bila kutia neno.

Usiku ule nikachukua kisu cha kukatia kanda,
nikachonga kwenye soli namba yangu ya simu,
tarakimu kumi, na jina chini yake: NDAHANI.
Nilisahau jambo moja tu,
kwamba muhuri huchongwa kinyume.
Na namba yangu, kwa bahati, huanza sifuri saba
na kuishia saba sifuri,
kwa hiyo hata ikisomwa toka mkiani inaita.
Iliita Singida, kwa mama mmoja, Nyamughenyi,
akasumbuliwa wiki nzima na watu wanaotaka viatu.
Mwenyewe aliketi, akafikiri,
akaigeuza namba kama mtu anayegeuza ungo,
akanipata.
Hakuwa na hasira. Alitaka namba saba,
vidole wazi.

Nikachonga upya, nikitazama kwenye kioo cha kunyolea.

Likabaki swali la nani avae.
Binamu yangu Lazaro akasema, mpe mwimbaji,
mpe mheshimiwa, waonekane nazo.
Nikamuuliza: wanatembea?
Mimi nilichagua miguu, si midomo.
Jozi moja Mwaja wa maziwa,
nyumba arobaini kabla jua halijachomoza.
Jozi moja Yoramu wa kahawa,
anayegonga vikombe toka Sabasaba mpaka stendi.
Jozi moja Chiwanga, kijana wa mkokoteni wa maji,
maana mzigo humkandamiza,
na mguu wenye mzigo una mwandiko mzuri.
Bei yao, bure. Sharti, wasipite lami.
(Mtumba, kwenye mji wa serikali, hawanijui mpaka leo.
Kule ardhi wameiziba mdomo.)

Simu ya kwanza ilikuwa ya ugomvi:
"Umepita mlangoni kwangu mara tatu, unatafuta nini?"
Ya pili ilitaka jozi mbili.

Halafu, mwezi wa nane,
mbuzi wanne wa mzee Malogo wakaibwa Ihumwa.
Polisi wakanipigia saa moja asubuhi:
"Zizi zima lina jina lako."
Nilikwenda. Nikapiga magoti kwenye samadi.
Namba tisa, kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje.
Nilimjua. Uso waweza kuufunika;
mguu, utaufunika na nini?
Tena alikuwa na deni langu, elfu nne, tangu Pasaka.
Nikakaa kimya, nikiwafikiria watoto wake,
kisha nikamfikiria Malogo,
kisha nikasema.
Mbuzi walirudi watatu.
Elfu nne haikurudi.

Nikajua biashara imekufa:
nani atanunua kiatu chenye umbeya?
Wiki ile niliuza jozi ishirini na sita.
Wenye mifugo waliwanunulia wachungaji wao.
Wanawake wawili, kila mmoja kwa siri ya mwenzake,
waliwanunulia waume zao,
wakaniomba nichonge kwa kina.

Jioni upepo wa huku unafagia kila kitu,
namba, jina, kuku, baiskeli.
Siulaumu. Na ile redio nayo
ingesema mara moja, ikanyamaza.
Saa kumi na moja alfajiri Mwaja anafunga kanda,
anabeba ndoo, anatoka,
na mtaa unaanza kuniandika tena
kuanzia sifuri.